Mawimbi ya Sauti na Mwanga: Tatizo la Istilahi "Masafa"

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na sauti mapema katika masomo yake. Katika fonetiki hufunzwa ala za matamshi, mahali pa kutamkia na namna ya kutamka. Ni nadra kuelezwa sauti yenyewe ni nini inapotoka kinywani hadi kufika sikioni. Swali hilo huachiwa mwanafizikia, naye nchini Kenya hulijibu kwa Kiingereza darasani. Makala haya yanaeleza misingi ya mawimbi ya sauti na mwanga, kisha yanaonyesha kuwa neno "masafa", jinsi linavyotumika sasa, hubeba dhana mbili zinazokinzana.

Wimbi ni nini?

Jiwe likitupwa kidimbwini, viwimbi hutanuka hadi ukingoni. Jani linaloelea hapo hupanda na kushuka, lakini halisafiri na viwimbi. Wimbi, basi, husafirisha nishati bila ya kuhamisha maada. Wimbi lina sifa tatu kuu. Kwanza, urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Pili, idadi ya mawimbi yanayopita mahali fulani kwa sekunde moja. Idadi hii hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Tatu, kimo cha wimbi, yaani kiasi linachopanda kutoka hali ya utulivu. Ukizidisha urefu kwa idadi, unapata kasi. Kwa hivyo, kasi isipobadilika, urefu ukipungua idadi huongezeka.

Sauti

Utando wa ngoma au nyuzi za sauti kooni zinapotetema, hewa iliyo karibu husongamana na kulegea kwa zamu. Chembe za hewa huyumba mbele na nyuma katika mwelekeo ule ule wa safari ya wimbi, na kila chembe humsukuma jirani yake. Pasipo maada, basi, hapana sauti. Katika hewa yenye nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Majini hukaribia mita 1,480. Sikio la binadamu husikia mitetemo kati ya hezi 20 na 20,000 hivi.

Hapa Kiswahili cha kila siku kimemtangulia mwanafizikia. Tunasema sauti nene na sauti nyembamba. Huo ni uchache au wingi wa mitetemo kwa sekunde. Tunasema pia sauti kubwa na sauti ndogo. Hicho ni kimo cha wimbi. Mtu aweza kuwa na sauti nene lakini ndogo, na hakuna mzawa wa lugha atakayetatizika. Kauli "sauti ya juu" ndiyo inayotuchanganya, kwa sababu hutumika kwa dhana zote mbili.

Mwanga

Mwanga ni wimbi la sumakuumeme. Mitetemo yake hukingamana na mwelekeo wa safari, wala hauhitaji maada. Katika ombwe husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde, na hutumia takriban dakika 8 kutoka juani hadi duniani. Ndiyo maana umeme wa radi huonekana kabla ya ngurumo kusikika: kila sekunde 3 za kusubiri ni takriban kilomita 1.

Rangi kwa jicho ni kama unene wa sauti kwa sikio. Wimbi la mwanga mwekundu lina urefu wa takriban nanomita 700, na la urujuani takriban 400. Tofauti ya urefu inaeleza pia kwa nini mtu aliye nje ya chumba chenye mlango wazi humsikia asiyemwona. Mawimbi ya sauti ya usemi, mengi yakikaribia upana wa mlango, hujipinda kwa urahisi yanapoupita. Mawimbi ya mwanga hayafikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hivyo kujipinda kwake mlangoni hakutambuliki kwa jicho.

Tatizo la "masafa"

Mawimbi ya redio ni jamii moja na mwanga, na husafiri kwa kasi ile ile. Watangazaji husema "masafa mafupi" wakirejelea urefu wa wimbi. Husema pia "masafa ya FM" na kutaja namba ambayo ni idadi ya mawimbi kwa sekunde. Tukokotoe. Matangazo ya masafa mafupi ya megahezi 6 yana wimbi la mita 50. Ya FM ya megahezi 100 yana wimbi la mita 3, fupi kuliko lile linaloitwa fupi! Mwalimu akitaka kueleza kanuni hii kwa istilahi tulizo nazo, atalazimika kusema: "Masafa yakiwa mafupi, masafa huwa makubwa." Fizikia yake ni sahihi, lakini mwanafunzi hataambulia kitu.

Makala haya yanapendekeza "urefu wa wimbi" kwa dhana ya kwanza na "marudio" kwa ya pili. "Masafa" yabakie na maana ya umbali, ambayo neno lilikuja nayo kutoka Kiarabu. Huenda ikadaiwa kuwa mazoea ya redio hayabadiliki. Hoja hiyo ina uzito, lakini msikilizaji anatafuta kituo tu. Mwanafunzi anatafuta jibu la hesabu.

Hitimisho

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hivyo kazi hii si ngeni. Linalohitajika ni kigezo cha ziada katika uundaji wa istilahi. Mbali na kupima ufupi, uwazi na asili ya neno, tulitie katika kanuni na tukokotoe nalo mbele ya wanafunzi. Neno linaloshindwa mtihani huo halifai kuingia kitabuni, hata likiwa limezoeleka kiasi gani.