Safari ya Kikima na Safari ya Makka

Tumeulizwa katika darasa letu: mtu amekwisha kuhiji, na sasa amekusanya fedha za Umra ya tatu. Mkewe ni Mkamba aliyesilimu; mama yake mke yuko Kikima, katika milima ya Mbooni, si Mwislamu, na wajukuu hawajapata kumwona. Aanze safari ipi?

Twajibu: aanze Kikima. Umra ya kukariri ni sunna. Kuunga ujamaa ni wajibu juu ya mkewe, na watoto wale ni damu ya bibi yule. Bibi Asmaa binti Abubakar alijiwa Madina na mama yake, naye angali mshirikina. Akamuuliza Mtume (S.A.W.), akaamrishwa amuunge. Wameipokea Bukhari na Muslim. Basi ni nani aliyewaambia watu wetu kuwa bara hakuna thawabu?

Na njiani sala isiachwe kwa kisingizio cha gari. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300: Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili, Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Pale Makindu hekalu la Makalasinga hulisha wasafiri wa kila dini bila malipo. Sisi tumemwekea msafiri nini? Nanyi mkifika, bibi apewe zawadi yake kabla ya mawaidha.