Kuku Wanaolala Ndani: Kulinda Sakafu na Mtoto Anayetambaa

Katika maboma mengi ya Tseikuru, kuku hulala jikoni au katika chumba cha mbele. Sababu si uzembe. Kuku anayelala nje huchukuliwa na mwizi, kicheche au nyoka. Na katika sehemu kavu kama hii, ambako mvua ikikosekana mahindi na ndengu hukosekana pia, kuku watano au sita ndio akiba ya karibu: ndio karo, ndio nauli ya kwenda hospitali. Hakuna anayeacha akiba yake gizani.

Lakini kuku hunyea usiku kucha akiwa amelala, na asubuhi kinyesi hicho kiko sakafuni. Anayeishi sakafuni kuliko wote ni mtoto anayetambaa.

Kinyesi cha kuku hubeba vijidudu kama kampilobakta na salmonela, ambavyo huleta kuharisha. Mara nyingi kuku mwenyewe haonyeshi dalili yoyote, kwa hivyo kuku mwenye afya si ushahidi kwamba sakafu ni salama. Mtoto wa miezi 6 hadi 18 hutia kila kitu kinywani. Watafiti waliofuatilia watoto wachanga vijijini Zimbabwe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliona baadhi yao wakila udongo na hata mavi ya kuku. Utafiti mwingine, wa vijijini Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2016, unafaa kuzingatiwa zaidi na mfugaji. Watoto wa familia zenye kuku walikuwa na kimo bora kuliko wa familia zisizo na kuku, lakini pale kuku walipolala ndani ya nyumba, kimo cha watoto kilikuwa duni. Basi tatizo si kufuga kuku. Mayai na nyama humjenga mtoto. Ni malazi ya kuku yanayomrudisha nyuma.

Suluhisho la kudumu ni kizimba kilichoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, chenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Nguzo za mukau hazishambuliwi na mchwa kwa urahisi, na miti hiyo ipo Kitui. Kila nguzo ivishwe kipande cha bati laini ili panya na vicheche wasipande. Ndani kuwe na fito za kulalia, na kila kuku apate nafasi ya sentimita 20 hivi. Kuhusu wizi, ambao ndio hoja nzito, kizimba kijengwe karibu kabisa na ukuta wa chumba cha kulala, mlango wake uelekee dirisha na uwe na kufuli. Kuku wakishtuliwa, mwenye nyumba atasikia. Kizimba kilichofichwa nyuma ya boma kimejengewa mwizi.

Kuku hurudi palepale alipozoea. Wafungiwe ndani ya kizimba kipya siku tatu, wakiwa na maji, chakula na kivuli, kisha wafunguliwe. Kwa wiki moja baadaye, atakayerudi jikoni abebwe giza likiingia, wakati haoni vizuri na hapigani.

Kwa familia ambayo bado haijapata fito wala bati, au yenye kuku anayelea vifaranga, kuna njia ya kati. Kuku wawekwe kwenye kona moja iliyozibwa, chini patandikwe gunia kuukuu au karatasi ya nailoni, na juu yake majivu makavu. Majivu hunyonya unyevu na kupunguza harufu. Kila asubuhi, kabla mtoto hajashushwa kitandani, gunia likunjwe na kukung'utwa mbali na nyumba. Mtoto aketi kwenye mkeka unaofuliwa, ambao kuku hawakanyagi.

Usafi wa sakafu yenyewe hutegemea aina yake, na hauhitaji maji mengi, jambo muhimu mahali ambapo mtungi hutembezwa kilomita kadhaa. Kwenye sakafu ya udongo, kinyesi kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa kuwa vumbi lake huingia kifuani. Kinyunyiziwe maji kidogo, kifunikwe kwa majivu, kisha kikwanguliwe pamoja na tabaka jembamba la udongo. Nyufa zizibwe, kwa sababu humo ndimo viroboto na utitiri wa kuku hujificha. Wengi hukandika sakafu kwa samadi ya ng'ombe. Ni desturi ya zamani, lakini samadi nayo ina vijidudu; udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu hushika vizuri, na ni afadhali penye mtoto mdogo.

Sakafu ya saruji ni rahisi zaidi. Kinyesi kiondolewe kwanza, pasuguliwe kwa sabuni, pasuuzwe, ndipo dawa ya klorini itumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Klorini ikimwagwa juu ya kinyesi hupoteza nguvu, na inaweza kutoa hewa inayochoma macho na koo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto.

Wanaofuga njiwa wazingatie hayo hayo: kiota kisiwe juu ya mlango wala juu ya tangi la maji ya mvua. Mayai ya kanga wa porini yasiokotwe kuanguliwa nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Mtoto akiharisha apewe maji ya chumvichumvi na zinki kutoka kituo cha afya. Kukiwa na damu kwenye choo, au akilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, wasichinjwe wala kuliwa. Afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe.

Kinyesi kinachokusanywa chini ya kizimba kirundikwe mbali na kisima na kufunikwa kwa muda wa miezi mitatu. Kikiwa kibichi huunguza mimea. Kinachorundikwa mapema Julai kitakuwa tayari kutiwa kwenye mashimo ya kupandia mvua za Oktoba zinapokaribia.