Elimu kwa Wakazi: Kuchagua Baruti Safi kwa Ajili ya Gobore

Gobore bado lina kazi katika kata za vijijini. Wapo wakulima wanaolitumia kwa kibali kulinda mahindi na mihogo dhidi ya nguruwe pori, na zipo familia zilizolirithi kutoka kwa babu na kuliweka chini ya leseni. Wamiliki hao huuliza mara kwa mara ni baruti ipi inayoungua vizuri bila kuacha masizi mengi mtutuni. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa masizi hula chuma na hupunguza umri wa silaha. Hata hivyo, jibu lake lina hatari ndani yake: baruti iliyo safi kuliko zote ndiyo inayoweza kupasua mtutu na kumpofusha au kumkata mkono mwenye kuushika. Kwa sababu hiyo, somo hili linauweka usafi katika nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ni ya swali jingine: je, bunduki ilitengenezwa kustahimili baruti hiyo?

Kwa nini baruti nyeusi huchafua mtutu

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kibiriti. Inapoungua, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo hugeuka gesi inayoisukuma risasi. Sehemu iliyobaki, zaidi ya nusu, hubaki kuwa vitu vigumu: nyingine hutoka kama moshi mzito mweupe, nyingine huganda mtutuni. Bunduki iliyotiwa gramu nne na nusu za baruti huzalisha karibu gramu mbili na nusu za mabaki kwa mlio mmoja tu. Baada ya milio michache mdeki, yaani ufito wa kushindilia, huanza kukwama, na risasi haifiki chini inavyopasa.

Mabaki hayo si masizi matupu kama yale ya sufuria. Ndani yake mna chumvi zinazonyonya unyevu wa hewa. Katika maeneo ya pwani na ya kando ya maziwa, ambako hewa ina maji mengi, kutu huweza kuonekana kesho yake asubuhi. Hapa ndipo wengi hukosea katika usafishaji: mafuta ya taa huondoa grisi na weusi, lakini hayayeyushi chumvi. Mtutu uliofutwa kwa mafuta ya taa peke yake hung'aa kwa nje huku ukiendelea kuliwa ndani. Chumvi huyeyushwa na maji.

Baruti isiyo na moshi: safi lakini haifai

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyobuniwa kwa ajili yake. Baruti ya namna hiyo hugeuka karibu yote kuwa gesi. Ndiyo iliyomo katika risasi za bunduki za kisasa na katika nyingi za shotigani. Kwa macho ya mtu anayechoshwa na masizi, inaonekana kuwa ndiyo jawabu.

Magobore, hata hivyo, ni ya ukoo mwingine. Yalienea Afrika Mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki zilizoboreshwa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zenye mitutu isiyo na mifuo na kwa baruti ya kawaida. Mitutu ya silaha hizo ilikadiriwa kwa nguvu ya baruti nyeusi, wala haikukadiriwa kwa nguvu nyingine.

Tofauti ya baruti hizi mbili iko katika mwako. Kasi ya mwako wa baruti nyeusi haibadiliki sana kadiri mgandamizo unavyopanda. Baruti isiyo na moshi huungua kwa kasi zaidi kila mgandamizo unapoongezeka, na mwako huo wa kasi huongeza mgandamizo tena. Katika bunduki ya kisasa, chuma kigumu na kipimo cha kiwandani huudhibiti mwendo huo. Katika gobore hakuna cha kuudhibiti. Kipimo kilekile cha kikombe ambacho kwa baruti nyeusi kingeisukuma risasi salama, kwa baruti isiyo na moshi huweza kuupasua mtutu karibu na uso wa mpigaji. Kwa hiyo baruti iliyotolewa ndani ya risasi za kisasa au za shotigani haipaswi kuingia katika gobore, hata kwa kiasi kidogo, hata kwa kuchanganywa.

Wala jicho haliwezi kutofautisha. Chembe za baruti isiyo na moshi mara nyingi hupakwa grafiti na kuwa nyeusi au za kijivu, na baadhi ya baruti nyeusi nazo hupakwa vivyo hivyo. Baruti isiyo katika chombo chake cha asili chenye maandishi yake ihesabiwe kuwa haijulikani, na isitumike.

Onyo hilo linahusu pia vichwa vya njiti za kiberiti, ambavyo hutumiwa na baadhi ya watengenezaji wa magobore ya kienyeji. Huwaka kwa msuguano, na kushindilia kwa mdeki ni msuguano. Bunduki huweza kulia mkono ukiwa bado mdomoni mwa mtutu.

Mbadala zilizotengenezwa kwa bunduki za kushindilia

Kati ya baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi lipo kundi la tatu: baruti mbadala zilizobuniwa hasa kwa bunduki zinazojazwa kwa mdomo wa mtutu. Nyingi hutengenezwa Marekani, ambako uwindaji wa bunduki hizo una msimu wake katika majimbo mengi. Tatu zinatosha kuonyesha tofauti.

Pyrodex iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Huacha mabaki machache kuliko baruti nyeusi na haiwaki kwa urahisi kama hiyo, jambo linalorahisisha usafirishaji na uhifadhi. Lakini ina perkloreti, ambayo ikiungua huacha chumvi ya kloridi, jamaa wa chumvi ya kupikia. Kwa kutu, basi, haina huruma kuliko baruti nyeusi. Inafaa kukumbukwa pia kwamba mvumbuzi wake, Dan Pawlak, aliuawa na mlipuko wa kiwandani mwaka 1977. Kuwaka kwa shida hakumaanishi kutolipuka.

Triple Seven haina kibiriti. Harufu yake ni ndogo na mabaki yake huondoka kwa maji matupu. Nguvu yake kwa ujazo uleule ni kubwa kuliko ya baruti nyeusi kwa takribani asilimia 15, hivyo mtengenezaji hushauri kipimo kipunguzwe kwa kiasi hicho ili kupata mwendo ule ule wa risasi. Udhaifu wake ni pete ngumu ya mabaki inayoweza kujengeka mtutuni karibu na mahali risasi inapokaa.

Blackhorn 209 iliingia sokoni mwaka 2008. Huacha mabaki machache kuliko hizo mbili na hainyonyi unyevu kwa urahisi. Lakini inahitaji fataki kubwa za namba 209, za aina itumikayo katika shotigani, na imekusudiwa bunduki za kushindilia za kisasa zenye mfumo huo. Gobore la gumegume au la fataki ndogo haliwezi kuiwasha ipasavyo. Tena husafishwa kwa kimiminika maalumu cha kuyeyushia, si kwa maji.

Hapa mmiliki wa gobore la kale anaona mpaka wake. Kadiri mbadala unavyokuwa safi, ndivyo unavyodai moto mkali zaidi wa kuuwasha na bunduki mpya zaidi ya kuubeba. Cheche ya gumegume ni dhaifu. Baruti mbadala mara nyingi hukataa kuwaka au huchelewa. Kwa gumegume, baruti nyeusi ya kiwandani ndiyo inayobaki kuwa chaguo linalofaa, na usafi wake hupatikana kwa maji na kitambaa.

Kupima kwa ujazo, si kwa mizani

Kosa la kipimo limewadhuru hata wale waliochagua baruti sahihi. Baruti nyeusi na mbadala zake hupimwa kwa kikombe maalumu cha ujazo chenye alama za greni. Greni moja ni kipimo kidogo sana: greni 100 za uzito ni takribani gramu 6.5.

Uzito wa mbadala ni mwepesi kuliko wa baruti nyeusi. Kikombe kinachobeba greni 70 za baruti nyeusi hubeba takribani greni 50 tu za Pyrodex, na nguvu zake zinakaribiana. Mtu anayeweka Pyrodex kwenye mizani hadi ifike greni 70 atakuwa amejaza ujazo wa karibu greni 100 bila kujua. Kwa Triple Seven, mahali pa ujazo wa greni 70 za baruti nyeusi panahitaji takribani 60. Tarakimu hizi ni za kuonyesha uwiano tu. Kipimo halisi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki, na kisipopatikana, bunduki ipelekwe kwa fundi mwenye leseni kabla ya kutumika.

Mpangilio wa maswali kabla ya kuchagua

Mmiliki anashauriwa kujiuliza kwa utaratibu huu, na kusimama pale jibu linapokosekana.

1. Je, bunduki ina leseni na asili inayojulikana? Gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji au chuma chakavu halina baruti inayolifaa. Chuma chake hakikupimwa kwa mgandamizo wowote.

2. Je, mtutu ni mzima? Ufa, uvimbe, kutu iliyochimba ndani au tundu la moto lililopanuka ni sababu tosha ya kuacha kuitumia.

3. Je, huwashwa kwa nini? Gumegume, fataki ndogo na fataki za namba 209 haziwashi baruti zilezile.

4. Je, baruti imo katika chombo chake cha asili, na imenunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni?

5. Baada ya hayo yote, ni ipi kati ya zilizokubalika inayoacha mabaki machache na kusafishika kwa urahisi?

Matumizi, usafi na hifadhi

Baruti isimiminwe mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye chombo chake. Cheche iliyobaki kutoka mlio uliotangulia huweza kupanda na kulipua chombo kizima mkononi. Itiwe kwanza katika kikombe cha kipimo, na chombo kifungwe na kuwekwa mbali.

Risasi ikae imegusa baruti. Nafasi ya hewa kati yake huweza kuuvimbisha mtutu. Alama iliyochorwa kwenye mdeki, moja kwa mtutu mtupu na nyingine kwa uliojazwa, humwonyesha mmiliki kama bunduki ina shehena au imeshindiliwa mara mbili. Ikiwa bunduki imekataa kulia, mdomo wake ubaki umeelekezwa mahali salama kwa muda usiopungua dakika mbili, kwa kuwa moto huweza kuchelewa.

Usafishaji ufanyike siku ileile: maji ya moto na sabuni kwa baruti nyeusi, Pyrodex na Triple Seven, kisha kitambaa kikavu hadi kitoke kikiwa cheupe, na mwisho mafuta mepesi ya silaha. Siku chache baadaye kitambaa kipitishwe tena. Kikitoka na rangi ya kutu, chumvi haikuisha.

Baruti ihifadhiwe pakavu, chini ya kufuli, mbali na jiko, mbali na bunduki na mbali na watoto. Kuihamishia katika chupa ya soda au kopo la maziwa ni kumtegea mtoto au jirani mtego asioujua.

Huduma na wajibu wa kisheria

Umiliki wa silaha na risasi nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mkazi anayehitaji maelezo ya leseni aanzie katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, mtaa au kata, ambako ataelekezwa hadi polisi wa wilaya. Aliyerithi gobore lisilo na leseni asilifiche darini. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, na ofisi ya kata ni mahali pa kwanza pa kuuliza.

Mkulima anayesumbuliwa na wanyama waharibifu naye ana njia nyingine kabla ya baruti. Atoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji ili imfikie afisa wanyamapori wa wilaya. Leseni ya bunduki peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuua mnyamapori.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini baruti isiyo na moshi, ingawa ni safi, haifai kutiwa katika gobore?

2. Mafuta ya taa huacha nini mtutuni, na kitu hicho huondolewa kwa nini?

3. Mtu amepima Pyrodex kwa mizani badala ya kikombe. Amezidisha au amepunguza?

4. Jirani amepewa baruti nyeusi ya chembechembe ndani ya chupa isiyo na maandishi. Apewe ushauri gani kabla jua halijatua?