Bili ya Hoteli ya Kifahari: Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Tuseme mnaadhimisha miaka kumi ya ndoa na umeamua leo si nyama choma ya kawaida. Umebuku meza kwenye hoteli ya kifahari kule Karen au Nyali. Kwenye simu una shilingi 10,000. Umepitia menyu na kujumlisha chakula na vinywaji, ukapata 8,000. Unajiona uko sawa, hata ya teksi imebaki.

Bili inakuja 10,240.

Hakuna aliyekuibia. Chini kabisa ya menyu, kwa maandishi madogo, paliandikwa kwamba bei hazijajumuisha kodi. Kwa hivyo kwenye ile 8,000 kumeongezwa VAT ya asilimia 16, yaani 1,280. Ushuru wa utalii wa asilimia 2, ambao risiti nyingi huuita catering levy, yaani 160. Na service charge ya asilimia 10, yaani 800. Kwingine bei ya menyu ndiyo utakayolipa, kila kitu kikiwa ndani. Kwingine hakuna service charge kabisa. Usikisie. Muulize mhudumu kabla ya kuagiza: "Bei hizi zimejumuisha kodi na service charge?" Ni swali la kawaida, wala halikufanyi uonekane huna pesa. Ukiambiwa vyote vitatu viko nje, chukua jumla yako uizidishe kwa 1.28.

Maji ya chupa yanayofunguliwa mara tu mnapoketi pia huingia kwenye bili. Na ukija na mvinyo wako, uliza mapema kama kuna ada ya kuufungua.

Sasa kulipa. Soma bili mstari kwa mstari kwanza, ndipo uingize namba ya Till wewe mwenyewe. Jina likitokea, lisome kabla ya kuthibitisha malipo. Wakati mwingine kampuni imesajiliwa kwa jina tofauti na lile la mlangoni. Ukiona hivyo, thibitisha na kaunta. Lakini mtu akikuambia, "Till inasumbua, tuma tu kwa namba yangu," kataa kwa upole na uombe kuzungumza na meneja. Pesa hizo zitaenda kwa mtu binafsi, na kukitokea mzozo, SMS yako haitaonyesha kwamba ulilipa hoteli.

SMS ikichelewa, usilipe mara ya pili kwa sababu ya aibu ya kusubiriwa. Angalia salio. Kama limepungua, muulize keshia kama malipo yameonekana upande wake. Na ukikosea Till, piga simu huduma kwa wateja ukiwa bado umeketi hapo. Pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha huwa kazi ngumu.

Mkiwa kikundi, mmoja alipe bili nzima na wengine wamtumie sehemu zao kabla hamjaondoka. Ahadi ya "nitakutumia kesho" mnaijua.

Tip je? Kama umeshatozwa service charge, hulazimiki kuongeza. Ila kama mhudumu amewafurahisha na ungependa kumshukuru yeye mwenyewe, mwombe namba yake umtumie kando, baada ya bili kulipwa kwa Till. Hapo namba yake ina kazi.