Maji Yanaporudi Bombani Baada ya Mgao

Kipindupindu huenea pale kinyesi chenye vimelea kinapoingia katika maji au chakula. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi. Hadi Aprili 2016, nchi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 300.

Jiji la Dodoma hutegemea sana visima virefu vya Mzakwe, na mahitaji yameongezeka tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016. Kwa mteja wa Nkuhungu anayepata maji kwa mgao, swali ni la haki: ikiwa maji yametiwa klorini, kwa nini ayachemshe?

Jibu limo ndani ya bomba. Maji yanapotiririka wakati wote, msukumo wake huzuia uchafu kuingia. Yanapokatika, msukumo huo hupotea, na penye ufa au kiungo kilicholegea, maji ya mtaroni au ya karo la choo huweza kufyonzwa ndani. Klorini iliyosalia huenda isitoshe kuua vimelea hivyo.

Kwa hiyo, tunamshauri mteja:

1. Maji yakirudi, ayakinge ya mwanzo kwa matumizi ya chooni. Ya kunywa ayachemshe mpaka yatokote, hata yakionekana safi.

2. Ayahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko, na asichovye mkono wala kikombe ndani yake.

3. Akiona bomba linavuja, atoe taarifa DUWASA mara moja, aandike tarehe na saa, na adai namba ya kumbukumbu. Asiporidhika na majibu, alete lalamiko hilo kwetu EWURA.

4. Mtu akiharisha majimaji kama ya mchele, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Njiani aendelee kunywa maji ya chumvi-sukari: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta.

Kuchemsha maji ni kinga ya familia, lakini hakumwondolei mtoa huduma wajibu wake. Mteja anayelipa ankara anastahili maji salama, na taarifa yake yenye tarehe ndiyo ushahidi tunaouanzia tunaposhughulikia lalamiko.