Mashine ya kulimia bustani: Chagua ile inayosimama ukiiachilia

Msimu wa mvua ndefu unapokaribia, wakazi wengi wa Nakuru huanza kutazama upya vipande vyao vya ardhi kule Lanet, Bahati, Njoro na Rongai. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, lakini wenyeji wake hawajatupa jembe. Karani, mwalimu na mwenye duka bado hupanda mahindi, maharagwe, viazi na sukuma wiki nyuma ya nyumba au katika ploti ambayo haijajengwa. Kwa kuwa vibarua wamekuwa ghali na migongo yetu imezoea viti vya ofisi, wengi sasa hununua au kukodi mashine ndogo ya kulimia, ile ambayo mtu hutembea nyuma yake huku meno yake yakizunguka ardhini. Wengine huiita trekta la mkono.

Huenda ukajiuliza, msomaji, daktari ana neno gani kuhusu mashine za shamba. Mashine hii huingia katika kazi ya daktari kwa njia mbili. Ikichaguliwa na kutumiwa vyema, humwokoa mtu na maumivu ya kiuno yanayoletwa na kuinama na jembe kutwa nzima. Ikitumiwa vibaya, huleta hospitalini mguu uliochanika, kidole kilichokatika au mtu aliyezirai kwa moshi. Somo la leo ni namna ya kupata faida hiyo bila kulipa gharama hiyo.

JE, UNAIHITAJI?

Anza kwa hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu thumuni ya ekari, ina takriban mita 465 za mraba. Mashine yenye upana wa sentimita 50 itakutembeza karibu kilomita moja kuilima mara moja, na karibu mbili ukirudia ili kulainisha udongo. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, mara mbili kwa mwaka. Kwa shamba la ukubwa huo, kukodi kunatosha. Ikiwa una vitanda vichache tu vya mboga, jembe la meno na siku mbili za kazi ya polepole litakufaa zaidi, na ni mazoezi mazuri kwa moyo.

Aidha, jiulize kama afya yako inaruhusu. Mwenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, mwenye ngiri, aliye na kifafa na mama mjamzito wamwachie mtu mwingine kazi hii. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi yuko katika hatari ya pekee, kwani anaweza kujeruhiwa asijue hadi aone damu kwenye buti. Vilevile, baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi. Ukizimeza, usiguse mashine siku hiyo. Kuhusu pombe, sidhani nahitaji kueleza.

NGUVU YA INJINI NA MIINUKO YETU

Wauzaji hupenda kutaja nguvu ya injini kana kwamba ndiyo sifa pekee. Kumbuka kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye injini huhesabiwa kwa hewa nzito ya sehemu za chini, karibu na usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, kwa hiyo injini ya nguvu-farasi 7 huko haifikishi hata 6. Molo, iliyo karibu mita 2,500, upungufu hufika robo.

Usikimbilie mashine kubwa kwa sababu hiyo. Mashine ya nguvu-farasi 7 yaweza kuwa na kilo 80 au zaidi, na uzito huo ndio utakaougeuza kila mwisho wa mstari. Udongo wa sehemu nyingi za bonde letu ni wa majivu ya volkano, nao ni mwepesi ukilimwa kwa wakati wake. Chukua konzi ya udongo uifinye, kisha uisukume kwa kidole gumba. Ikivunjika kwa urahisi, lima. Ikibaki donge kama unga wa chapati, ngoja siku chache ikauke, la sivyo utaushindilia udongo wako mwenyewe. Ikiwa ni vumbi tupu au imekauka kama tofali, ngoja mvua. Katika ardhi ngumu mashine hurukaruka, na hapo ndipo humponyoka mtu. Vumbi lenyewe nalo humsumbua mwenye pumu.

MENO YA MBELE NA MENO YA NYUMA

Kuna aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, meno yako mbele, chini ya injini, na ndiyo yanayoivuta mashine. Ni nyepesi na rahisi kugeuza kwenye vitanda vya mboga, lakini meno yakikutana na jiwe au ardhi ngumu huivuta mashine ghafla kwenda mbele na kumkokota mwenye kuishika. Katika aina ya pili, magurudumu huendeshwa na injini nayo meno yako nyuma. Hii hutulia zaidi kwenye ardhi ambayo haijawahi kulimwa, lakini meno yako karibu na miguu yako. Ukichagua hii, hakikisha kuna kifuniko cha chuma juu na nyuma ya meno, na kwamba hakijaondolewa.

JARIBIO LA KUACHILIA

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Mashine nzuri huwa na mkono mdogo wa usalama ulioshikanishwa na vishikio, ambao lazima uubane wakati wote wa kazi. Ukiuachilia, meno husimama. Mtu anayejikwaa, anayeanguka au anayeshtuka hufungua mikono bila kufikiri, na mkono huo ndio humwokoa wakati ambapo hana nafasi ya kutafuta swichi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji awashe mashine kwenye udongo, ayazungushe meno, kisha aachilie vishikio. Meno yasiposimama mara moja, ondoka. Ukikodi, tazama kwa makini zaidi. Ukiona mkono wa usalama umefungwa kwa mpira wa tyubu au waya ili mwendeshaji asichoke kuubana, usiikodi hata kwa nusu bei. Kifaa cha kumlinda mtu kikishafungwa hivyo, ni kana kwamba hakipo.

IPIME NA MWILI WAKO

Simama nyuma ya mashine. Vishikio vifike usawa wa kiuno, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Vikiwa chini mno utainama, na maumivu ya mgongo uliyoyakimbia kwenye jembe yatakungoja hapo. Jaribu kuigeuza mashine ikiwa imezimwa. Usipoweza kuigeuza ikiwa imetulia, hutaweza kuishika ikinguruma.

Mtikisiko wa injini nao una madhara. Anayeishika kwa saa nyingi, siku baada ya siku, anaweza kupata ganzi na kuwashwa kwa vidole, na baadaye vidole hugeuka vyeupe kukiwa na baridi kama ile ya asubuhi za Molo. Anayelima ploti yake mara mbili kwa mwaka hana haja ya kuogopa sana, lakini kijana anayekodishwa pamoja na mashine kila siku ya msimu anahitaji vishikio vyenye mpira, glavu na mapumziko kila nusu saa.

KABLA YA KUWASHA

Tembea shamba lote kwa miguu. Katika ploti za mjini utakuta vipande vya mabati, nyaya, chupa na pengine bomba la maji lililozikwa juujuu. Kwenye miteremko ya Menengai utakuta mawe. Ondoa vyote, maana meno yanaweza kuvirusha kama risasi. Watoto, kuku na watazamaji wakae mbali, si chini ya hatua 20. Mtoto asiiendeshe kamwe.

Vaa buti ngumu, na ikiwezekana zile zenye chuma mbele. Ndala hazifai hata kidogo, na gambuti la kawaida halizuii jino la chuma. Suruali isipepee, na leso, shali au mkufu viachwe nyumbani. Vaa miwani ya kukinga macho. Pia ziba masikio. Sauti ya desibeli 85 kwa saa nane huhesabiwa kuwa mwanzo wa hatari, na mashine nyingi hufika hapo au kupita. Kipimo rahisi ni hiki: ikikulazimu kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, masikio yako yanaumizwa.

UKIWA KAZINI

Ajali mbili hujirudia zaidi ya nyingine. Ya kwanza hutokea katika gia ya kurudi nyuma, yaani rivasi. Mtu hurudi kinyumenyume, hujikwaa au hubanwa kwenye ua, na mashine humpanda miguuni. Simamisha meno kabla ya kuingiza rivasi, tazama nyuma, na usirudi ukielekea ukuta au seng'enge. Bora zaidi, geuza mashine badala ya kuirudisha.

Ya pili hutokea wakati wa kusafisha meno. Nyasi za Kikuyu na mabua ya mahindi hujizungusha kwenye meno na kuyakwamisha. Mtu huinama na kuvuta nyasi kwa mkono huku injini ikinguruma. Kwaruzo likiisha, meno huzunguka ghafla na kuchukua vidole. Zima injini, chomoa waya wa plagi, ndipo uguse meno. Hatua hizo mbili huchukua chini ya nusu dakika.

Kwenye mteremko, lima kwa kukata mteremko ili maji yasiondoke na udongo. Mteremko ukiwa mkali, rudi kwenye jembe.

MOSHI NA PETROLI

Usiwashe mashine hii ndani ya stoo au gereji. Wakulima wa nyanya nao huiingiza kwenye kivungulio, ile nyumba ya plastiki, na kufunga mlango ili joto lisitoke. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa. Haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Zikikupata, toka nje mara moja na uende hospitalini. Ikiwa ni mwenzako aliyeanguka ndani, fungua milango yote na umtoe haraka, usije ukaanguka naye.

Acha injini ipoe kabla ya kuongeza petroli. Usiivute petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, kwani tone dogo likiingia mapafuni laweza kuleta nimonia mbaya. Wala usiiweke katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimlazimishe kunywa maziwa. Mkimbize hospitalini.

AJALI IKITOKEA

Zima injini. Mguu ukiwa umenaswa, usijaribu kuutoa kwa kuendesha mashine kinyume. Chomoa waya wa plagi, zuia damu, na umwite fundi afungue meno.

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, kwa dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikiendelea kuruka kutoka mkononi au mguuni, funga kitambaa kipana juu ya jeraha na si juu ya kiungo, kaza hadi damu ikome, na uandike saa. Usitie majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe.

Kidole kikikatika kabisa, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, kisha uuweke mfuko huo katika maji yenye barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Mwezi wa Januari 2018 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta waliunganisha upya mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hata hivyo, usilitegemee hilo. Meno ya mashine ya kulimia huponda na kuchana zaidi ya kukata, na kilichopondwa ni vigumu kuunganisha.

USISAHAU PEPOPUNDA

Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo, hasa uliotiwa samadi. Akina mama wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini mwanamume wa miaka 40 huenda alichanjwa mara ya mwisho akiwa mtoto. Jeraha lolote la shambani lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa zaidi ya miaka mitano imepita tangu uchanjwe, au hukumbuki, utachanjwa tena. Usingoje dalili. Taya zikianza kukaza, kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, ugonjwa umekwisha kuingia, na matibabu yake ni marefu na si wote wanaopona.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, meno ya mashine yako husimama unapoachilia vishikio?
2. Je, wajua namna ya kuchomoa waya wa plagi?
3. Je, una buti ngumu?
4. Je, ulichanjwa dhidi ya pepopunda lini?

Ikiwa jibu moja lina shaka, lishughulikie kabla mvua haijanyesha. Kinga ni bora kuliko tiba, na shamba litakungoja.