Mwanakondoo Akidhoofu, Kagua Kiwele cha Mama Yake

Ndugu mfugaji, mwanakondoo akidhoofu wengi wetu hufikiria minyoo na kukimbilia dawa. Lakini mwanakondoo wa wiki mbili anayelialia, amejikunyata na tumbo limebonyea, mara nyingi ana njaa tu. Mshike mama yake kwanza, umkague kiwele.

Ugonjwa wa kiwele huletwa na bakteria wanaoingia kupitia tundu la chuchu. Hutoka kwenye zizi lenye matope na samadi, mikono michafu ya mkamuaji, hata kinywani mwa mwanakondoo mwenyewe, hasa chuchu ikiwa na vidonda.

Dalili zake

Upande mmoja huvimba, huwa mgumu na wa moto. Kondoo huchechemea mguu wa nyuma na kuwakimbia watoto wake. Maziwa huwa majimaji, yenye mabonge au damu. Kiwele kikiwa cheusi na baridi, nyama imekufa na mama yuko hatarini. Aina nyingine haionekani kwa nje: maziwa hupungua, watoto hawakui.

Hasara yake

Kondoo ana chuchu mbili tu. Mama wa mapacha akipoteza upande mmoja, watoto wawili wanagombania chuchu moja. Upande uliokufa haurudi, hivyo hasara huendelea hadi uzao ujao.

Tufanye nini?

1. Kamua matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Mabonge yataonekana.

2. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Maliza dozi yote. Maziwa na nyama visitumiwe hadi zipite siku atakazokuagiza.

3. Walishe watoto kwa chupa: maziwa safi ya mbuzi au ng'ombe, ya uvuguvugu, kidogokidogo mara nyingi kwa siku. Aliyezaliwa leo anahitaji dang'a. Mwenye kilo 3 apate kama mililita 150 katika saa 6 za kwanza. Mwombe jirani ambaye kondoo au mbuzi wake amezaa.

4. Zizi liwe kavu, na mama alishwe vizuri kabla na baada ya kuzaa. Mtoto asiyeshiba huvuta chuchu kwa nguvu na kuiumiza.

5. Watoto wakishaachishwa kunyonya, papasa viwele vyote. Mwenye uvimbe mgumu asipandishwe tena. Auzwe kwa kuchinjwa.

Kukagua viwele hakugharimu hata shilingi. Anza na kundi lako jioni ya leo, kondoo warudipo malishoni.